Cucu Bado Anachagua Kahawa

Mwezi wa tatu mwaka jana nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta cucu yangu, mama mzaa baba, katikati ya shamba la kahawa. Alikuwa ametandika magunia chini ya miti na kukung'uta matawi kwa mikono yote miwili. Mistari miwili ilikuwa imebaki majani matupu. Chini kulikuwa na kahawa mbichi, kijani kama njegere, ambayo ingeiva baada ya wiki chache tu. Yeye alikuwa anatoka jasho na kuimba.

"Leta gunia lingine," aliniambia. "Tumalize, miti ipumzike."

Kwa yule asiyelima kahawa nieleze kidogo. Msimu ukiisha, sisi hukung'uta kila tunda lililobaki mtini, mbichi kwa kavu, tukaanika nyumbani ikawa mbuni, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, ili mti uanze upya bila wadudu. Hiyo ni kazi ya mwisho kabisa. Hakuna mtu anayeifanya matunda yakiwa ndiyo yananenepa. Na Cucu alikuwa amechuma kahawa zaidi ya miaka hamsini. Ni yeye aliyenichapa vidole nikiwa mdogo kwa kutia tunda moja la kijani kwenye debe.

Mama alipokuja aliketi juu ya gunia lile lililojaa. Mimi sikumwuliza Cucu kitu, lakini mimi siku zote si msemaji.

Naitwa Rwamba. Ni jina la Cucu mwenyewe, kwa sababu mimi ni msichana wa kwanza wa mwanawe, na kwetu majina ndivyo yanavyorudi. Baba alifariki nikiwa darasa la nane. Nilifanya mtihani, nikabaki nyumbani na wanawake wawili, Cucu na Mama, hapa juu kidogo ya mji mdogo wa Runyenjes. Naandika haya kwa sababu wakati ule nilitamani mtu aniambie itakuwaje, na sikumpata. Naandika polepole, kwa hivyo sitaandika mambo mengi ya daktari. Nitaandika yaliyotusaidia, na yaliyotuchekesha, maana hayo ya kuchekesha yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia.

Baada ya siku ile ya kahawa mbichi ndipo tulipoanza kukumbuka mambo mengine. Githeri, chakula cha mahindi na maharagwe, iliyopikwa bila mahindi. Mbuzi wetu aliyefungwa kwa jirani, naye jirani akidhani tumemkopesha dume. Na Alhamisi ile Cucu alivaa nguo za kanisa, akaenda, akakuta mlango umefungwa, akamfuata mchungaji mpaka nyumbani kwake kumgombeza kwa kuchelewa. Mchungaji alimwomba msamaha. Wakati ule tulicheka tu na kusema ni uzee.

Kliniki ya Runyenjes walimpima presha, wakatupa barua ya kwenda hospitali ya Embu mjini. Kule tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Nilikuwa na hofu, kwa sababu hospitali kwangu ni mahali pa kujieleza mbele ya watu. Lakini Cucu aliliona benchi lile kama benchi la harusi. Alimsalimu kila mtu kwa mkono, akamwuliza ametoka wapi na kwao mvua imenyesha vipi. Alipofika mwisho wa benchi alirudi akaanza tena mwanzo. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta ambaye alisalimiwa mara tano. Mara ya tano akamwambia, "Mama, mimi bado ni yule yule wa Kianjokoma."

"Ndiyo maana nimekusalimu," Cucu akamjibu. "Ungekuwa mwingine ningekupita."

Benchi zima lilicheka, hata yule mama aliyekuwa analia alipofika. Nikafikiri, kama huu ndio ugonjwa, basi umekuja na kitu mkononi.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole. Alimwuliza Cucu huu ni mwaka gani. Cucu akasema ni mwaka wa mvua nzuri. Akamwuliza ni mwezi gani. Cucu akanigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti kama huyu msichana hana kalenda. Kisha daktari akamwambia ashike maneno matatu, ndoo, mbuzi na kanisa, na baada ya dakika chache atamwuliza tena. Alipomwuliza, Cucu alimtazama kwa huruma.

"Si wewe uliyeyasema? Umeyasahau upesi hivyo?"

Daktari alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Halafu akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ni dimenshia, ugonjwa wa kusahau, kwamba hautapona, kwamba utaendelea polepole, na kwamba mtu anaweza kuishi nao miaka mingi na akafurahi ndani yake. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba Cucu hakuwa amerogwa, na hakuwa anafanya makusudi. Hayo mawili niliyabeba nyumbani kama mzigo wa kuni kavu, na tuliyatumia kila siku.

Lakini kwanza tulikosea sana.

Cucu alianza kumwita Mama mwizi. Leso yake ikipotea, ni Mama. Sukari ikiisha, ni Mama. Wameishi pamoja zaidi ya miaka ishirini, mama mkwe na mke wa mwana, bila kurushiana neno baya, na sasa Mama anaitwa mwizi mbele ya majirani. Leso tuliikuta ndani ya mkebe wa unga, imekunjwa vizuri kama zawadi. Mama akamwonyesha, akamwambia, unaona, uliiweka mwenyewe. Cucu akasema, mwizi ndiye hujua mahali alipoficha. Mama akaanza kwenda shambani kabla ya Cucu kuamka ili wasikutane. Mgongo ulikuwa unamuuma na alikonda kuliko mgonjwa.

Na kila jioni Cucu aliuliza Njeru yuko wapi. Njeru ni Baba. Mara ya kwanza Mama alimwambia ukweli, kwamba Njeru alifariki. Cucu aliangua kilio kama siku ya msiba. Tulimshika mpaka akanyamaza. Akanywa chai. Kisha akauliza, "Njeru hajafika?" Na Mama, kwa kuwa hajui kudanganya, akamwambia tena. Mwezi ule tulimzika Baba karibu kila jioni.

Tuliporudi kliniki mwezi wa tano, mvua ikiwa imejaa barabarani, alitupokea sista mmoja mtu mzima. Aliniuliza nyumbani kukoje. Nikasema ni kuzuri. Akafunga faili, akaendelea kunitazama, mpaka nikamweleza habari ya Baba. Sista akaniuliza, "Anapomwuliza mwanawe, unadhani anataka habari za kifo, au anataka kumzungumzia mwanawe?"

Hakungoja nijibu. Akaniambia Cucu hawezi tena kuja kwenye mwaka wetu, lakini sisi tunaweza kwenda kwenye wake.

Jioni ile Cucu alipouliza Njeru yuko wapi, sikumngoja Mama ajibu. Nikamwuliza, "Cucu, Njeru alipokuwa mdogo alikuwa mtoto wa namna gani?"

Akaweka kikombe chini. Akanieleza jinsi Njeru alivyompanda beberu wa chifu akitaka kwenda naye shule, jinsi beberu alivyomwangusha katikati ya maji ya kuoshea kondoo, na jinsi alivyorudi nyumbani akinuka dawa ya kupe mpaka akalala nje na mbwa wakamkimbia. Mama alikuwa jikoni. Akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Kisa kile hakuwahi kukisikia, yeye aliyeolewa na mtu huyo. Akaketi. Cucu akamsogezea kigoda bila kumwita mwizi. Tulicheka mpaka ugali ukaungua. Tangu siku ile Baba alikuwa akirudi nyumbani kila jioni, kila mara na uhalifu mpya, na kulia kuliisha.

Nataka kusema jambo moja kwa wale ambao ni kama mimi, wasioweza kuongea mbele ya watu. Wengi hushindwa na ugonjwa huu kwa sababu wamezoea kusahihisha. Mimi sikuwahi kumsahihisha mtu maishani mwangu. Nilidhani ni udhaifu. Kumbe kulikuwa na kazi inayoutaka.

Ndipo nilipoielewa hata ile kahawa mbichi. Mikono ya Cucu haikukosea. Ilifanya kazi ya Januari, vizuri kabisa. Kilichopotea ni majira tu. Basi akisema ni wakati wa kupanda, nilimpa mbegu za maharagwe na kona nyuma ya jiko. Kona ile tuliipanda mara nne kabla ya mwezi wa saba. Kuku walimpenda sana Cucu mwaka ule.

Mwili nao ulibadilika. Alianza kutembea bila kuinua nyayo, kama mtu anayetafuta kitu kwa miguu. Akawa mwepesi, mifupa ya mabega ikaonekana. Kuoga alikataa kabisa, akisema maji yanauma, na mara moja alinipiga kwa kikombe. Nilijaribu mengi. Kilichofaa ni kuweka beseni nje juani, maji ya moto kidogo, na kumwambia anioshe mimi miguu. Alinisugua kama sufuria. Akimaliza alikuwa tayari amelowa mikono, naye akiona ni zamu yake hakukataa. Mama akawa anakuja na mafuta ya kumpaka. Hivyo ndivyo walivyopatana, kwenye mgongo wa Cucu uliokuwa unang'aa mafuta, bila mtu kuomba msamaha.

Halafu ukaja mwezi wa saba, na ukungu wake.

Ilikuwa asubuhi ambayo huwezi kuona mgomba ulio hatua kumi. Niliingia jikoni kuwasha moto, nikatoka, Cucu hayupo. Tulimtafuta mpaka saa kumi jioni. Mwendeshaji wa boda boda ndiye aliyemwona chini kabisa, karibu na mto, kiatu kimoja mguuni, sweta limelowa, ameketi kwenye jiwe anangoja mtu. Alimleta amemfunika kwa koti lake. Kifua kikamshika. Wiki mbili alikohoa, nami nilimpa uji kwa kijiko na kulala nikiwa nimemshika pindo la leso.

Baba Mkubwa akaja. Yeye ni Nyaga, kifungua mimba wa Cucu, anafanya kazi ofisini Embu mjini. Aliingia, akamwinamia kitandani, akamsalimu. Cucu akamwuliza yeye ni nani.

"Maitu, mama yangu, ni mimi Nyaga. Mwanao wa kwanza."

"Nyaga bado ni mdogo," Cucu akasema.

"Nina miaka hamsini na minane, Maitu."

Cucu alimtazama kichwa chenye mvi, akamtazama tumbo. "Pole sana," akamwambia.

Mimi na Mama tuliinama ili tusicheke. Lakini niliuona mkono wa Baba Mkubwa. Ulikuwa unaigeuza kofia yake, unaigeuza tena.

Akatuita sebuleni. Alisema mama yake hatakufa mtoni kama ng'ombe asiye na mwenyewe. Nyumba yake mjini ina ukuta na geti. Atamchukua. Mama akauliza atakaa na nani mchana. Akasema yeye na mkewe hutoka saa moja na kurudi jioni, watamfungia ndani na chakula. "Angalau tutajua yuko wapi," akasema.

Baba Mkubwa si mtu mbaya, naomba msomaji alijue hilo. Aliuogopa mto, hata mimi nauogopa. Lakini Mama alikuwa amemfungia Cucu ndani siku moja tu, akaenda sokoni mara moja. Aliporudi alimkuta amegonga mlango mpaka vifundo vya vidole vimevimba, na siku mbili zilizofuata hakula kitu. Mama hakurudia. Nilijua kwamba nyuma ya geti lile Cucu angekufa upesi kuliko mtoni. Nilikuwa na maneno yote hayo mdomoni. Niliinuka, nikawaongezea chai.

Ikaamuliwa asisafiri na kifua kile kwenye baridi. Tukimaliza kuchuma kahawa, mwezi wa kumi na mbili, Baba Mkubwa atakuja na gari. Na akipotea tena kabla ya hapo, atamjia siku hiyo hiyo. Kwa hivyo nilikuwa na miezi mitano, na nilikuwa nikihesabu hatua za Cucu kama mtu aliyeazimwa yai.

Vuli ilianza vizuri. Kahawa ikaiva pamoja, nyekundu mlima mzima. Tulichuma na Cucu karibu yangu, na kiondo kidogo, kikapu cha kuchumia, shingoni, akichuma matawi ya chini. Asubuhi moja niliingia mstari wa pili, nikageuka, nikaona kiondo chini peke yake.

Nilikimbilia mtoni kwanza. Hakuwepo. Nikapanda mpaka barabarani nikiwa nimeloa matope mpaka kiunoni. Kijana mmoja wa boda boda akaniambia amepishana na wanawake wanaopeleka magunia, na Cucu alikuwa nyuma yao, anatembea kwa haraka kama aliyechelewa.

Nilimkuta kiwandani, tunakopeleka kahawa ikapimwe. Pale kiwandani, kabla ya kupima, kila mtu humwaga kahawa yake sakafuni na kuichagua. Mbichi upande, kavu upande, yenye ugonjwa upande, na karani huja kuangalia kabla haijafika kwenye mizani. Cucu alikuwa ameketi katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha, mbele yake lundo la kahawa ambayo si yetu. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kama vya mtu anayesuka. Macho hayakuwa yakitafuta kitu. Sikuwa nimeuona uso ule tangu mwaka uliopita. Alikuwa ameshamaliza malundo mawili ya watu wengine na hakuacha hata tunda moja la kijani.

Karani wa mizani aliponiona akasema, "Rwamba, cucu yako nimemwandika kazi. Wewe je?"

Wanawake wakacheka. Nilidhani hawajui chochote. Na mimi nikajua kwamba hapa, mbele ya watu hawa arobaini, ni lazima niseme, kwa sababu nisiposema leo, Baba Mkubwa atasikia kutoka kwa mwingine, na geti litafungwa. Nilisema nikiangalia kahawa.

"Cucu ana ugonjwa wa kusahau. Si uchawi na si kiburi. Akiwauliza jambo mara kumi, naomba mumjibu mara kumi. Mkimwona barabarani peke yake msimwambie arudi nyumbani, atakataa. Mwambieni twende kahawa, atawafuata."

Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo mahali pamoja. Kisha Cucu Marigu, mwanamke wa rika la Cucu, aliyekuwa ameketi kando yake, akainua kichwa.

"Kwani ulidhani hatujui? Tangu asubuhi ameniuliza mara nne kama nimeolewa. Nami kila mara namwambia bado natafuta."

"Utapata," Cucu akamwambia, bila kuacha kuchagua. "Punguza maneno tu."

Kiwanda kizima kikalipuka kwa kicheko, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, nikaketi chini kando ya Cucu.

Tangu hapo kila siku ya kupeleka kahawa nilimpeleka. Walimwekea gunia la kukalia upande wa jua. Watu walianza kumletea malundo yao kwa zamu, na ukichelewa unakosa. Vijana wa boda boda walijua neno la kumwambia. Mara mbili alitoka peke yake, na mara zote mbili alifika kiwandani akiwa amesindikizwa kabla sijapata viatu vyangu. Mama alimpigia simu Baba Mkubwa kumweleza, maana hatukutaka kuficha. Baba Mkubwa akauliza kwa ukali, amepotea? Mama akamjibu, "Hapana. Ameenda kazini." Baba Mkubwa akasema atakuja kujionea, lakini mpango wa gari uko palepale, mwezi wa kumi na mbili.

Sitaki kumdanganya mtu. Leo ninapoandika, Cucu haongei sana. Siku nyingine hajui kijiko ni cha nini, na chakula tunamsagia. Mara moja aliniuliza jina langu, nikamwambia Rwamba, akakasirika kidogo, akasema jina hilo lina mwenyewe. Siku nilizolia zipo. Lakini ukimwekea maharagwe kwenye ungo bado anachagua, na ukimshika vibaya bado anakuchapa vidole, na hofu ile ya mwanzo, ya kutojua tunapoelekea, ilikwisha. Iliisha msimu ule.

Mwezi wa kumi na mbili Baba Mkubwa alikuja kama alivyosema. Alikuta nyumba tupu, akatufuata kiwandani. Niliona gari kwanza, na nyuma yake godoro jipya likiwa bado kwenye plastiki. Nikajua amekuja kumchukua.

Baba Mkubwa ana sehemu yake ya shamba ambayo kahawa yake huchumwa na vibarua, na siku ile ilikuwa imeletwa na kumwagwa mbele ya Cucu. Ilikuwa imechumwa ovyo. Cucu aliishika kwa viganja viwili, akaitazama, akainua macho.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu," Baba Mkubwa akasema. Alikuwa amesimama na viatu vya ofisini, funguo mkononi.

"Ulichuma ukiwa umelala?"

Wanawake wakaanza kucheka chini kwa chini. Nilimwona Baba Mkubwa akivuta pumzi, na nilijua anachotaka kusema. Maitu, ni mimi Nyaga. Nikamshika mkono wa koti. Sijawahi kumgusa mtu mzima hivyo.

"Baba Mkubwa," nikamwambia, "usimwambie wewe ni nani. Chagua naye."

Alinitazama, akatia funguo mfukoni, akachuchumaa. Alichagua kama mtu wa ofisini, kwa vidole viwili. Cucu alimvumilia kidogo, halafu akamchapa mkono, akamfungua kiganja na kumwonyesha tunda la kijani lililompita. Akaendelea kukishika kile kiganja. Akakigeuza.

"Una mikono ya mwanangu Nyaga," akasema. "Naye alikuwa mvivu hivi hivi."

"Nyaga alikuwa mvivu?" Baba Mkubwa akauliza.

"Sana. Lakini nikiugua alikuwa hali mpaka nile."

Baba Mkubwa aliinamisha kichwa, akachagua mpaka lundo likaisha, na suruali yake ikawa nyekundu magotini. Karani alipokuja kuangalia alisema kahawa hii haina neno, na Cucu akamwambia hakika haina neno, ila mwenyewe anahitaji mafunzo.

Tulirudi nyumbani sote kwa gari lake, Cucu mbele, akipungia watu mkono. Tulikunywa chai. Hakuna aliyetaja godoro. Baba Mkubwa alipoinuka kwenda, Cucu naye aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kichane cha ndizi zilizoiva. Akampa kwa mikono miwili.

"Mpelekee mama yako. Mwambie Rwamba anamsalimu."

Mama alishika mlango. Mimi nilishusha macho. Baba Mkubwa alisimama na ndizi zile kifuani, akimtazama mama yake.

"Nitamfikishia," akasema.

Kisha alikwenda nyuma ya gari, akalishusha godoro, akaliingiza chumbani kwa Cucu mwenyewe, akalitandika. Akaondoka peke yake.

Jumamosi iliyofuata alirudi, bila kuitwa na mtu. Cucu alikuwa ameketi juani. Baba Mkubwa alivuta kigoda akaketi karibu na miguu yake, akamsalimu, hakumwambia jina.

"Mama yangu anakushukuru kwa zile ndizi," akamwambia. "Zilikuwa tamu, tulizila zote."

Cucu alifurahi mpaka akapiga makofi.

"Huyo mama amekulea vizuri," akasema. "Siku moja umlete hapa tuonane."

"Nitamleta," Baba Mkubwa akasema, akamfunika miguu kwa leso.